Huduma ya kiroho hospitalini (Mombasa Bara)

Huduma ya kiroho hospitalini ni kumliwaza mgonjwa na jamaa zake kwa kufuata imani yao wenyewe. Miongoni mwa hospitali za umma za Mombasa Bara ni ya Likoni, ng'ambo ya kivuko, na ya Port Reitz, Changamwe, inayojulikana pia kwa matibabu ya akili.

Wagonjwa wengi ni Waislamu na Wakristo, hivyo mahitaji hutofautiana. Mwislamu asiyeweza kutumia maji hutayamamu, na asiyeweza kusimama huswali akiwa ameketi au amelala. Kibla, kwa aliyeko Mombasa, ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo kitanda huweza kugeuzwa. Anayekata roho hulakiniwa shahada. Mkatoliki humwita padri kwa Kitubio, Komunyo na Mpako wa Wagonjwa.

Mhudumu mwema huomba ruhusa kwanza, husikiliza kuliko kuhubiri, hutunza siri, wala hamwachishi mgonjwa dawa. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hulinda uhuru wa dini. Mgonjwa hashurutishwi kusali wala kusilimu au kubatizwa. Shirika la Afya Duniani nalo huhesabu mahitaji ya kiroho kuwa sehemu ya huduma shufaa.