Kanieneo Kinzani: Istilahi Inayomhusu Mnunuzi wa Ekzosi

Anayetafuta ekzosi mbadala kwa gari la spoti la zamani hukutana mapema na kauli hii: injini inahitaji presha kidogo ya nyuma ili ivute, kwa hiyo bomba lisiwe pana mno. Sehemu ya mwisho ya kauli hiyo ni ushauri mzuri. Sehemu ya mwanzo si kweli, na watu huiamini kwa urahisi kwa sababu jina lenyewe linawapeleka huko. Ndiyo maana nashikilia kwamba istilahi hii ya Kiingereza, back pressure, tusiitafsiri neno kwa neno kuwa shinikizo la nyuma. Tuiite kanieneo kinzani, na kando yake tuweke istilahi ya pili, mfyonzo, kwa ajili ya jambo lingine kabisa ambalo huchanganywa nayo kila siku.

Kanieneo si neno geni. Wanafunzi wa sayansi Tanzania wanalijua. Limeundwa kwa kani na eneo, na kipimo chake ndivyo kilivyo: nyutoni moja ikienea juu ya mita moja ya mraba ni paskali moja. Presha ni neno la gereji, na libaki huko kwa amani. Kinachopotosha katika presha ya nyuma ni hilo neno la pili, nyuma. Kwanza, kanieneo ya gesi haina upande. Katika nukta yoyote inasukuma kote sawasawa. Pili, kwa aliyesimama kando ya gari, nyuma ni kwenye buti na ncha ya bomba, ilhali kanieneo inayozungumzwa hapa huwa kubwa mbele, karibu na manifodi, na ikifika nchani imeshashuka hadi kukaribiana na ile ya hewa ya nje. Tatu, nyuma humfanya msikilizaji awaze moshi unaogeuza njia na kuisukuma injini kama mtu anayesaidia. Kinachotajwa kwa kweli ni ziada ya kanieneo inayojengeka kwa sababu kona, sailensa na wembamba wa bomba vinapingana na mtiririko. Katika somo la umeme tunasema ukinzani kwa maana hiyo hiyo ya kuzuia kinachotaka kupita, kwa hiyo kinzani inakaa mahali pake bila kulazimishwa.

Tuchukue gari moja ili hoja isibaki hewani: Datsun 240Z, ambalo Afrika Mashariki ina haki ya kulikumbuka. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Injini yake, L24, ina silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili na manifodi ya chuma cha kusubu. Pistoni inapopanda kutoa moshi hufanya kazi ya pampu. Ukinzani ukiongezeka, pampu hiyo hula nguvu ambayo ingekwenda kwenye magurudumu, na moshi unaobaki ndani hushika nafasi ya mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. Katika hesabu hii hakuna mahali ambapo ukinzani unaisaidia injini ya mapigo manne kuvuta.

Mbona basi gari hulegea kweli baada ya kuwekewa bomba pana? Hapa ndipo ushahidi wa wenye magari unapostahili kuheshimiwa, kwa sababu wanachokihisi kipo. Valvu ya moshi hufunguka wakati kanieneo ndani ya silinda bado ni kubwa kuliko ya nje. Wimbi hutoka na kukimbia bombani kwa mwendo wa sauti, ambao katika gesi yenye moto hupita mita 500 kwa sekunde. Likifika pale bomba linapopanuka, sehemu yake hugeuka na kurudi kama wimbi la kanieneo ndogo. Likiwahi kwenye valvu wakati ile ya kuingiza nayo imeanza kufunguka, hunyonya mabaki ya moshi na kuvuta mchanganyiko mpya. Huo ndio mfyonzo, na unategemea wakati. Bomba la sentimita 80 lina safari ya mita 1.6 kwenda na kurudi. Kwa mwendo wa mita 550 kwa sekunde, wimbi hutumia takriban milisekunde 3. Katika muda huo, injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika imegeuka digrii kama 105, na ile ya mara 3,000 digrii 52 tu. Bomba linaloibeba injini juu haliwezi kuibeba vilevile chini. Ongeza kipenyo: kutoka milimita 50 hadi 63, nafasi ya kupita gesi hukua kwa karibu asilimia 59, na kasi yake hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Dereva anayeondoka taratibu kwenye mataa huhisi uzito, na kinachomkosesha mvuto ni mfyonzo uliodhoofika. Pengine pia mchanganyiko wa kabureta umekuwa mwembamba, kwa kuwa sindano zake zilichaguliwa kwa pumzi ya zamani. Katika hali hiyo fundi hubadilisha sindano na gari likachangamka bila bomba kuguswa. Kama ukinzani ndio uliokuwa ukihitajika, dawa hiyo isingefanya kazi.

Wapo watakaosema kwamba fundi anayekataa bomba pana amefika mahali sahihi, kwa hiyo maelezo hayana umuhimu. Yana umuhimu siku atakapochagua kati ya sailensa mbili za kipenyo kilekile. Anayeamini presha ya nyuma atachukua inayobana, akidhani anaokoa mvuto. Anayejua mfyonzo atachukua inayopitisha gesi kwa urahisi na kuyaachia mabomba ya mbele kazi ya kupanga mawimbi. Wengine watataja pikipiki za mapigo mawili, ambazo bomba lao lililotuna katikati hurudisha wimbi la kanieneo kubwa na kuusukuma ndani mchanganyiko uliotoroka. Ni kweli, lakini lile ni wimbi linalofika kwa wakati wake, si kizuizi cha kudumu. Masizi yakiziba bomba hilohilo, ukinzani unaongezeka na pikipiki inakosa nguvu. Hoja yenye uzito zaidi ni ya watafsiri: tafsiri ya neno kwa neno humsaidia anayesoma vitabu vya Kiingereza. Msaada huo kamusi inaweza kuutoa kwa kuonyesha jina la kigeni mbele ya kidahizo. Jina la Kiswahili lina kazi nyingine, ya kumwambia anayelisikia kwa mara ya kwanza kwamba hiki ni kitu kinachopinga.

Mwenye 240Z akishayatenganisha maneno haya, maswali yake dukani hubadilika. Ataanza na mabomba ya mbele. Silinda za L24 huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, yaani tatu za mbele na tatu za nyuma hupokezana moja kwa moja. Kuunganisha kila tatu pamoja kabla ya kuzikutanisha zote huyapa mawimbi nafasi zinazolingana, na huo ni mfyonzo unaopatikana bila kupanua chochote. Kwa kuwa manifodi ya moshi iko upande uleule wa kabureta, chini yake, bati la kukinga joto lisitupwe, maana petroli ikichemka kwenye kabureta hakuna ekzosi itakayoliponya gari hilo. Ncha ya bomba ipite bampa, kwani hewa nyuma ya gari hili huuvuta moshi kuingia ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma ukichakaa.

Kabla ya kulipia bomba pana, achomelee nati ndogo kwenye bomba mara tu baada ya manifodi, afunge mrija mrefu wa shaba wenye kipimo cha presha mwishoni, kisha asome injini ikifanya kazi kwa nguvu zote karibu na kilele cha mizunguko. Kipimo kikipanda sana, kanieneo kinzani ipo, na sailensa au bomba linastahili kubadilishwa. Kikikaa karibu na sifuri, hakuna cha kuondoa, na pesa hiyo itumike kwenye kabureta.