Nani Alikuwa Liwali Bora wa Mvita?

Watu wa Mombasa ni wapenzi wa mpira, na apendaye mpira hakosi kupenda pia kumhukumu mwalimu wa timu. Ukipita barazani jioni katika Mji wa Kale utasikia mashauri hayo: mwalimu fulani alitujenga, mwalimu fulani alitubomoa. Klabu ya Bandari, iliyotwaa ngao ya taifa mwaka 2015 na tena mwaka 2019, ina wapenzi wawezao kubishana mpaka kahawa ikapoa. Mashauri hayo si upuuzi, msomaji, maana yana ndani yake swali zito: kiongozi apimwe kwa kipimo gani?

Nataka leo tulichukue swali hilo tulipeleke mbali kidogo, nyuma ya miaka mia mbili na zaidi, mpaka ndani ya kuta za Ngome ya Yesu. Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu mwaka 1696, wakaitwaa mwezi wa Desemba mwaka 1698. Wareno walirudi mwaka 1728, lakini mwaka uliofuata wenyeji wenyewe waliwafukuza. Tangu hapo wafalme wa Omani waliuweka mji mikononi mwa maliwali, na katika miaka ya 1730 uliwali ukamfikia Muhammad bin Uthman wa ukoo wa Mazrui. Ukoo huo ulikaa ngomeni hadi mwaka 1837, yaani kadiri ya miaka mia. Basi, katika maliwali hao, nani alikuwa bora, na nani alikuwa mbaya kuliko wote?

Kabla hatujaanza kutaja majina, yafaa tukubaliane juu ya kipimo. Wengi hupima kwa jambo moja tu, nalo ni ushindi. Kipimo hicho ni rahisi lakini ni kibovu. Mwalimu apewaye wachezaji hodari na akashinda hawezi kulinganishwa na yule apewaye timu iliyovunjika akaizuia isianguke. Mimi natumia maswali matatu. La kwanza: alikuta nini? La pili: alitenda nini kwa alichokikuta? La tatu: aliacha nini kwa wale waliomfuata? Ukiyashika maswali haya matatu, utaona kwamba hukumu nyingi za haraka hupinduka.

Yakupasa pia kujua mji wenyewe ulikuwaje, maana liwali hakuwa peke yake kisiwani. Waswahili wa Mombasa walikuwa Thenashara Taifa, wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulikuwa Thelatha Taifa, nao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Upande wa pili ulikuwa Tisa Taifa, na miongoni mwao ni watu wa Mvita, wa Jomvu, wa Kilifi na wa Mtwapa. Kila upande ulikuwa na wazee wake, na tena na marafiki zake katika Wamijikenda wa bara. Mazrui walikuwa wachache. Nguvu yao haikuwa katika mizinga tu. Ilikuwa katika kuzipatanisha pande hizo mbili, kila mmoja akaona kwamba liwali ni mwamuzi wake na si adui yake. Liwali aliyelisahau jambo hilo alikuwa kama mtu akataye tawi alilolikalia.

Sasa na tuwaite mmoja mmoja.

Wapendao ushujaa watamtaja Ali bin Uthman. Ahmad bin Said alipotwaa utawala wa Omani, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtii, akisema kwa vitendo kwamba yule naye alikuwa liwali kama yeye. Kwa hiyo Ahmad alituma watu, wakamwua Muhammad kwa hila mwaka 1746, na ndugu yake Ali akatiwa kifungoni ngomeni. Ali alitoroka, akapata msaada wa wenyeji, akarudi mwaka 1747 akaitwaa ngome na kulipiza kisasi. Jiulize: alikuta nini? Alikuta pingu. Alitenda nini? Aliirudisha nyumba yake iliyokuwa imekwisha. Hapana shaka huyu ni mtu mkubwa. Lakini swali la tatu linamtatiza. Hakutosheka na Mombasa. Alivuka bahari kwenda kuishambulia Unguja, na huko, yapata mwaka 1755, aliuawa na mtu wa ukoo wake mwenyewe. Aliiacha nyumba ina damu ndani yake.

Aliyeipokea nyumba hiyo ni Masud bin Nasir, naye alitawala hadi mwaka 1779. Hebu mfikirie. Vita vimekatika katikati, liwali ameuawa na jamaa, majeshi yako ng'ambo ya bahari, na mjini kila mtu anangoja kuona ni nani atakayechomoa jambia kwanza. Mahali pengi ungetazamia miaka ya visasi. Haikuwa hivyo. Masud aliyarudisha majeshi nyumbani, akatawala zaidi ya miaka ishirini, na alipokufa uliwali ukaenda kwa mtoto wa Muhammad bin Uthman, yaani tawi jingine la ukoo, pasipo mji kuungua. Habari zake ni chache, na vijana hawamsimulii. Kwa nini? Kwa sababu amani haina hadithi. Mlinda lango asiyefungwa bao hatajwi sana kama mfungaji, ijapokuwa pengine yeye ndiye aliyeushinda mchezo.

Tuje kwa Ahmad bin Muhammad, aliyetawala tangu mwaka 1782 hadi mwaka 1814. Huyu alipokea mji wenye nguvu, na Pemba, ghala ya chakula cha Mombasa, ikiwa mikononi mwa Mazrui. Kwa miaka mingi mambo yake yalikwenda vizuri. Lakini mwishoni mwa enzi yake alijiingiza katika ugomvi wa Pate na Lamu. Yapata mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela, karibu na mji wa Lamu. Watu wa Lamu waliwapiga mpaka wakawarudisha pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani, na wengi wakauawa pale pale ufukoni. Msiba wenyewe ulikuwa mkubwa, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa zaidi. Watu wa Lamu, wakiogopa kisasi, waliomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Omani, naye akawapelekea liwali na askari. Tangu siku hiyo Busaidi walikuwa wamepata mlango wa kuingilia mwambao wa kaskazini, na aliyewafungulia mlango huo ni Mombasa yenyewe.

Mwanawe Abdallah bin Ahmad alitawala baada yake hadi mwaka 1823. Alitakiwa atoe kodi kwa Sayyid Said. Husimuliwa kwamba badala ya kodi alimpelekea deraya, kibaba, na baruti kidogo pamoja na risasi. Maana yake ilieleweka: ukitaka chochote, njoo ukichukue kwa vita. Wako wanaoipenda habari hii, na kweli inachangamsha damu. Lakini maneno makali yafaa yawe na kitu nyuma yake. Sayyid Said alikuwa na merikebu na fedha, na alikuwa mtu wa subira. Hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa kuwaondolea rafiki zao mmoja baada ya mmoja, na kufikia mwaka 1823 Pemba ilikuwa imekwisha kuwatoka Mazrui.

Sulaiman bin Ali, aliyemfuata, ndiye hulaumiwa kwa kuiweka bendera ya Uingereza juu ya ngome. Mwezi wa Februari mwaka 1824 Kapteni William Owen wa manowari Leven alikubali kuuweka mji chini ya ulinzi wa Waingereza. Katika mapatano, Waingereza walipata nusu ya ushuru wa forodha, na biashara ya watumwa ilikatazwa. Mazrui nao walitumaini kurudishiwa nchi zao zilizopotea. Luteni Reitz aliachwa kuwa mwakilishi, naye akafa mwaka huo huo kwa homa. Jina lake lingaliko Port Reitz. Lakini serikali ya London haikuupenda mpango huo, maana Sayyid Said alikuwa rafiki yake, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Utasema Sulaiman aliuza mji? Kumbuka swali la kwanza. Alikuta hazina imepungua, Pemba imekwenda, na adui yuko baharini. Alitafuta mti wa kujishikia. Kosa lake ni kuushika mti usiokuwa na mizizi.

Mwaka huo wa 1826 Salim bin Ahmad alikuwa ameshika uliwali. Sayyid Said alikuja na merikebu zake mwaka 1828, akapata kuweka askari ngomeni kwa mapatano. Lakini alipoondoka, watu wa Mombasa waliwazingira askari hao mpaka wakatoka. Alirudi tena, na tena, hadi mwaka 1833, asifaulu. Hizi ndizo siku za malenga Muyaka bin Haji, aliyewapigania Mazrui kwa tungo zake. Salim hakuwa na Pemba, hakuwa na Waingereza, hakuwa na mali nyingi. Alikuwa na umoja wa mji, na huo ulimtosha mpaka alipokufa mwaka 1835.

Alipokufa, umoja ukafa naye. Jamaa waligombea uliwali, mwanawe Rashid akaupata, lakini baadhi ya wazee wa mji walikuwa wamechoka, wakamgeukia Sayyid Said wenyewe. Mwaka 1837 mji ukaanguka pasipo vita vikubwa. Wakuu wa Mazrui walialikwa ngomeni, wakakamatwa, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba, wala hawakurudi. Waliosalia walihamia Gazi na Takaungu.

Sasa, msomaji, toa hukumu. Najua wengi watasema mbaya kuliko wote ni Rashid, kwa kuwa mji ulianguka mikononi mwake. Hiyo ndiyo hukumu ya mpenzi wa mpira amfukuzaye mwalimu aliyekuwapo siku timu iliposhuka daraja, akasahau ni nani aliyewaacha wachezaji waende. Lawama yapasa ipimwe kwa nafasi aliyokuwa nayo mtu ya kuchagua. Rashid alikuwa na nafasi ndogo. Sulaiman alikuwa na nafasi kidogo zaidi yake. Aliyekuwa na nafasi kubwa kuliko wote ni Ahmad bin Muhammad: hakushambuliwa, hakuwa na njaa, hakulazimishwa na mtu kwenda Shela. Kwa hiyo namhesabu yeye kuwa aliyeudhuru mji kuliko wenzake, ijapokuwa mengi ya miaka yake thelathini na miwili yalikuwa mema. Mtanijibu kwamba si haki kumhukumu mzee kwa kosa moja. Jibu hilo lina nguvu, nami silidharau. Lakini kosa moja la mwenye nguvu huwa mzigo wa wajukuu.

Na bora? Kama kipimo ni ujasiri, ni Ali. Kama ni kuitetea timu dhaifu mbele ya timu yenye nguvu, ni Salim. Lakini kwa maswali yote matatu pamoja mimi namchagua Masud bin Nasir: alikuta damu, akatenda upatanisho, akaacha urithi uliohama kwa amani. Wawili wa kwanza walilindwa na kuta. Yeye aliwafanya watu wasizihitaji sana.

Lakini kumbuka jambo moja zaidi kabla hujafunga kitabu. Habari tulizo nazo ziliandikwa na watu wenye upande. Muyaka aliwapenda Mazrui. Kapteni Owen aliutetea mpango wake mwenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 na kuandika tarehe ya maliwali hao, alikuwa mtoto wa ukoo huo. Mvuvi wa Kilindini, mkulima wa Rabai, mwanamke aliyengoja mumewe asirudi kutoka Shela, mtumwa aliyesafirishwa kupitia bandari hiyo hiyo, hawakuulizwa ni liwali yupi aliyekuwa bora. Huenda wangetaja jina ambalo hatukulitaja.

Ngome yenyewe iko wazi. Serikali ya kikoloni iliifanya gereza kwa miaka mingi, kisha ikawa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Nenda ukasimame ukutani, utazame lango la bahari walimoingilia wote hao, kisha uyajibu yale maswali matatu kwa akili yako mwenyewe. Usiyakubali majibu yangu kwa sababu tu yamepigwa chapa.