Sala na Moyo wa Nyama

Tukitaja moyo kanisani twafikiri mapendo na majuto. Lakini ule moyo wa nyama, unaopiga kifuani, nao una historia yake katika Kanisa.

Mwaka 1544, Pentekoste ikikaribia, Filippo Neri wa Firenze alikuwa akisali katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma. Hakuwa bado padri. Imeandikwa kwamba aliona kama tufe la moto likimwingia kinywani na kushuka moyoni. Tangu siku ile moyo wake ulipiga kwa nguvu kila aliposali, hata kiti chake kikatikisika. Aliishi hivyo miaka 51. Alipokufa, tarehe 26 Mei 1595, waganga walimfungua kifua, wakakuta mbavu mbili za kushoto zimevunjika na kuinuka juu ya moyo. Mmoja wao alikuwa Andrea Cesalpino, aliyeandika juu ya mwendo wa damu kabla ya Mwingereza William Harvey kutoa kitabu chake mwaka 1628. Walisema jambo hilo lapita nguvu za maumbile. Waganga wengine wa siku hizi hudhani ni mshipa mkubwa uliovimba. Sisi hatuoni kwa nini mambo hayo mawili yapigane: Mungu aweza kumtakasa mtu mwenye kifua kigonjwa.

Habari ya pili haina moto, nasi twaipenda zaidi. Katika Umbria, huko Italia, Mario Timio na waganga wenzake waliwapima masista 144 wa monasteri ya kufungiwa, na wanawake 138 wa nje. Mwanzoni umri wao, uzito wao na chumvi waliyokula vilikuwa karibu sawasawa. Habari za miaka 20 zilitolewa mwaka 1988, kisha kazi ikaendelea hata miaka 30. Nguvu ya damu mishipani, ile watu wetu waitayo tansio, ilipanda kwa wanawake wa nje kadiri walivyozeeka. Ya masista ilikaa pale pale. Waganga walitaja kimya, tafakari na kukaa mbali na mahangaiko. Ni kweli, lakini masista hao hawakuwa na watoto wa kulisha wala mume mlevi. Mama mmoja wa parokia alituambia: «Nami nipeni kimya hicho!» Hatukuwa na jibu.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake waliwapima watu 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka zikawa kama 6 kwa dakika, na mwendo wa moyo ukafuatana nazo. Maneno ya sala ya Wahindi yalifanya vile vile.

Basi, je, kuombewa kwaponya moyo? Huko Marekani habari za wagonjwa 1,802 waliopasuliwa kutengenezewa mishipa ya moyo zilitolewa mwaka 2006. Asilimia 52 ya walioombewa bila kujua kwa hakika walipata matatizo, 51 ya wasioombewa, na 59 ya walioambiwa kwamba wanaombewa. Hatudhani Mungu hupimwa kwa mizani ya namna hiyo.

Lakini karibu nasi mzee mmoja aliombewa, akatupa vidonge vyake vya tansio. Baada ya miezi michache akapelekwa hospitali, mkono wa kuume umekufa. Sasa anashika rozari kwa mkono wa kushoto, na vidonge viko mezani, karibu na sanamu ya Bikira Maria.