Mwenyeji na Hati: Heshima ya Taifa kwa Waliohifadhi Wakimbizi, Shinyanga na Geita

Neno mwenyeji hufasiriwa kuwa ni mwenye mji: mtu aliye na mahali pake, naye kwa hiyo aweza kumpa mwingine mahali. Mkimbizi huitwa kwa jina la mwendo wake. Neno lenyewe halielezi amefika wapi, wala amepokewa na nani. Historia ya hifadhi ina upungufu wa namna iyo hiyo. Idadi ya waliokimbia hutunzwa katika majalada ya serikali, lakini majina ya waliowafungulia milango hubaki midomoni mwa watu, na wazee wakifa hutoweka pamoja nao.

Mfano mashuhuri wa mataifa kujaribu kuziba pengo hilo watoka Ulaya, katika habari za watu waliowaficha Wayahudi wakati wa utawala wa Nazi. Mwaka 1953 Bunge la Israeli lilitunga sheria ya kuanzisha Yad Vashem, na tangu mwaka 1963 halmashauri maalumu imekuwa ikichunguza habari za kila anayependekezwa kuitwa Mwenye Haki miongoni mwa Mataifa. Hadi mwanzo wa mwaka 2022 waliopewa heshima hiyo walikuwa wamepita 28,000. Masharti yake si mepesi. Mwokoaji asiwe Myahudi. Awe alijitia hatarini. Asiwe alifanya malipo kuwa sharti la msaada wake. Na tena pawepo ushahidi, ambao mara nyingi ni maneno ya yule aliyeokolewa. Asiye na shahidi, hata akitenda mema namna gani, haandikwi.

Ugumu huo ulitambuliwa, na njia nyingine zikatafutwa. Mwaka 1990 wakaaji wa Le Chambon-sur-Lignon, katika milima ya Ufaransa, pamoja na vijiji jirani, waliheshimiwa kwa jumla yao. Kisha, tarehe 18 Januari 2007, taifa la Ufaransa liliweka maandishi ndani ya Panthéon, mjini Paris, mahali linapozika watu wake wakuu, kuwakumbuka waliowaokoa Wayahudi, wenye majina yajulikanayo na wasiojulikana pia. Yaani taifa laweza kukiheshimu kijiji kizima, na laweza kumheshimu hata mtu lisiyemjua jina.

Katika Tanzania jambo lililo karibu na hilo lilianza mwishoni mwa mwaka 1959, machafuko ya Rwanda yalipowasukuma Watutsi wengi kuvuka mpaka, wakati Tanganyika ingali chini ya utawala wa Waingereza. Baada ya Uhuru makazi yalifunguliwa, kama Muyenzi katika Ngara na Mwesi katika milima ya Mpanda. Mwaka 1964 likaundwa shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi, TCRS, kwa msaada wa Walutheri wa nchi mbalimbali. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Siasa hiyo ililingana na methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: mkimbizi alipewa shamba, akajilisha mwenyewe. Mwaka 1980 Serikali ilikubali kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000.

Heshima nazo zilikuja. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, inayotolewa tangu mwaka 1954 kwa waliowatumikia wakimbizi. Na mwaka 2009, baada ya kufariki kwake, Serikali ya Rwanda ilimtunuku nishani zake mbili, Uruti na Umurinzi. Hapana shaka alistahili. Lakini nishani humvikwa mtu mmoja kwa niaba ya wengi, na wale wengi hawajaandikwa popote.

Nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita yaonyesha vyema kwa nini hawakuandikwa. Si kila mkimbizi aliishi katika makazi ya Serikali. Wengine walijichanganya na wananchi, wakifuata malisho, mashamba au vibarua. Wenyeji wenyewe katika Geita walikuwa wa tabaka nyingi: Wazinza wa asili, Wasumbwa upande wa Bukombe, na Wasukuma waliohamia kwa wingi hasa baada ya mwaka 1947, mpango wa serikali ya kikoloni ulipowahimiza kutoka katika nchi yao iliyojaa watu na ng'ombe. Hivyo aliyempokea mgeni pengine naye alipokewa miaka michache tu kabla yake. Katika desturi ya Usukuma mgeni aliyetaka kukaa alipelekwa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Huyo ndiye aliyemgawia ardhi, na majirani wakawa mashahidi. Ulikuwa utaratibu kamili wa sheria, ila haukuwa na karatasi. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa, na miaka kumi baadaye watu wakahamishwa kwenda vijiji vipya. Ushahidi wa mipaka ya mashamba na wa majirani ukavurugika.

Hasara ya jambo hilo ilionekana wazi baadaye. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, ukachukua Bukombe iliyokuwa ya Shinyanga na Chato iliyokuwa ya Kagera. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilifanywa katika Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu. Maelfu walirudi au walirudishwa Rwanda na kwingineko, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa Tanzania miongo mingi, wakaoa na kuzaa humo. Serikali ina haki ya kujua nani yumo nchini mwake. Lakini aliyekaribishwa kwa neno la mwanangwa alitakiwa kuonyesha hati ambayo hakuna aliyempa.

Hapana budi tofauti itajwe. Aliyemficha Myahudi katika Ulaya iliyotawaliwa na Wanazi aliweza kuuawa kwa kosa hilo. Mwenyeji wa Bukombe au Geita hakuwa katika hatari ya namna hiyo, na Serikali yake ilimruhusu. Gharama yake ilikuwa ardhi, maji na chakula. Lakini yako mafundisho yanayofaa pande zote mbili. Kule Yad Vashem, aliyeokolewa hutoa ushahidi ili mwokoaji wake apate jina. Katika Geita, ushahidi wa mwenyeji ungeweza pia kumthibitisha yule aliyehifadhiwa: kwamba alifika mwaka fulani, akapewa shamba na fulani, mbele ya majirani fulani. Kumwandika mmoja ni kuwaandika wote wawili.

Kijana wa miaka ishirini wa mwaka 1962 sasa amepita themanini. Habari zake zipo katika Kisukuma, Kizinza na Kisumbwa kuliko katika Kiswahili, nazo zahitaji kuandikwa kwanza katika lugha hizo, pamoja na majina ya vijiji vya kale kabla havijahamishwa. Taifa likitaka siku moja kuviheshimu vijiji hivyo, kama Ufaransa ilivyowaheshimu hata watu isiowajua majina, litahitaji orodha hiyo iwe imekwisha kutengenezwa.