Kiendeshi: jina moja, vitu viwili

Chukua kompyuta ya mezani ya mwaka 2008, iliyouzwa ikiwa na Windows Vista. Mwenyewe amechoshwa na uzito wake, anaipeleka kwa fundi apigiwe XP. Fundi anatia CD, kisakinishi kinapakia mafaili yake kwenye skrini ya bluu, dakika zinapita, kisha kinatangaza kwamba hakikuona diski kuu yoyote kwenye mashine hii na kwamba kazi imeishia hapo. Diski ipo. Ukitega sikio unaisikia ikizunguka, na asubuhi ile ile ilikuwa imebeba Vista pamoja na picha za harusi. Kilichokosekana ni programu ndogo ya kuwasiliana na saketi inayoisimamia diski. XP ilitoka mwaka 2001, ilhali utaratibu wa AHCI, ambao diski za SATA za mashine ile zilipangiwa, ulichapishwa 2004. Ili XP iutambue, ilibidi ubonyeze F6 mwanzoni kabisa mwa usakinishaji na kuingiza flopi yenye programu hiyo, tena kwenye kompyuta ambayo mara nyingi haikuwa hata na mahali pa kutia flopi.

Sasa jaribu kumweleza mwenye mashine kwa Kiswahili cha vitabuni. Programu iliyokosekana inaitwa kiendeshi. Diski yenyewe, katika maandishi mengi ya kompyuta, nayo huitwa kiendeshi, au kiendeshi cha diski pale mwandishi anapokumbuka kumalizia. Mwambie "kiendeshi hakionekani" na atakwenda moja kwa moja dukani kununua diski mpya. Ataifunga, atawasha, na kisakinishi kitamtolea tangazo lile lile. Pesa imekwenda kwa sababu ya istilahi.

Mkanganyiko huu tumeurithi. Kiingereza kina maneno mawili yanayopishana kwa herufi moja tu ya mwisho: "drive" kwa kifaa kinachozungusha diski, "driver" kwa programu inayokisemea kifaa. Watafsiri walipoyafikia, yote mawili yaliwaelekeza kwenye kitenzi kimoja, endesha. Kitenzi hicho tayari kilikuwa na mzigo, maana ndicho kilichotupa mfumo endeshi, yaani Windows au Linux yenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika sentensi isiyo na kosa lolote la sarufi kwamba mfumo endeshi umekosa kiendeshi cha kiendeshi. Msomaji atajikuna kichwa, na atakuwa na haki.

Umbo la neno halina kasoro. Ki- ya zana na -i ya mwisho vimekaa mahali pake, wingi wake viendeshi unatamkika vizuri, na hakuna anayehitaji kufundishwa namna ya kulipatanisha na vivumishi. Mafundi, hata hivyo, hawalitumii sana. Wao husema draiva, na wingi madraiva: Windows imepigwa ila madraiva hayajaingia, ndiyo maana sauti hakuna. Neno hilo hilo la Kiingereza lilikwisha kuingia kwetu zamani kwa njia ya barabara, likawa dereva. Sijasikia mtu akisema dereva wa kadi ya sauti, na nadhani tumefanya vyema kumwacha dereva barabarani, kwa sababu programu hii haishiki usukani wowote.

Kazi yake ni nyingine. Kadi ya sauti ya kampuni moja na ya kampuni nyingine zinaweza kutoa muziki ule ule, lakini amri za ndani hazifanani: hii inataka namba fulani iandikwe mahali fulani, ile inataka nyingine mahali pengine. Windows haiwezi kuzijua zote. Inatoa agizo la jumla, cheza sauti hii, na kiendeshi kinaligeuza kuwa amri za chipu ile moja tu kinayoifahamu. Majibu nayo hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa kuwa vinafanya kazi karibu sana na maunzi, viendeshi vingi huishi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo kosa dogo halisamehewi. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili moja la data lenye hitilafu kwa kiendeshi chake, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 ziliangukia skrini ya bluu, ile inayotangaza kwamba Windows imeanguka. Nyingi zilikuwa na wataalamu wa kuziangalia.

Upo pia upande wa kifaa kuita. Kibodi ikibonyezwa, au kadi ya mtandao ikipokea data, inabidi kichakataji kiache kilichokuwa kikifanya na kuja kuhudumia. Ishara hiyo huitwa ombi la ukatizaji, kwa ufupisho wa Kiingereza IRQ, nami naona hakuna picha inayoieleza vizuri kuliko hodi. Kila hodi ilikuwa na mlango wake wenye namba. IBM PC ya kwanza, mwaka 1981, ilikuwa na chipu moja ya kupokea hodi, Intel 8259, yenye milango minane. PC/AT ya 1984 iliongeza chipu ya pili, ila hiyo ilipitishwa kwenye mlango namba 2 wa ile ya kwanza, hivyo kati ya milango 16 ikabaki 15 ya kutumika. Saa ya mfumo ilichukua 0, kibodi 1, flopi 6, printa 7, diski kuu 14. Ukimaliza kuhesabu wenyeji, wageni walibakiwa na milango michache sana.

Hapo ndipo mgongano ulipozaliwa, na ulikuwa mgongano wa kweli. Sehemu za kuchomekea vifaa vya mawasiliano, COM1 na COM3, zilipewa hodi moja, namba 4. COM2 na COM4 zikapewa namba 3. Mtu mwenye kipanya kwenye COM1 akinunua modemu ikakaa COM3, kipanya kiliganda mara tu modemu ilipoanza kupiga simu. Mwenye kadi ya Sound Blaster alilazimika kuwa na mstari kama huu katika AUTOEXEC.BAT, faili linalosomwa mashine inapowaka: SET BLASTER=A220 I5 D1. A ni anwani ya kadi, I ni namba ya hodi, D ni njia ya kupitishia data hadi kwenye kumbukumbu bila kukisumbua kichakataji. Mchezo ulisoma mstari huo na kuuamini. Kadi yenyewe, kwenye matoleo ya zamani, ilipangwa kwa jampa, vile vikofia vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini mbili, vyepesi kuanguka na vigumu kuviokota kwenye zulia. Jampa ikisema 7 na mstari ukisema 5, ulisikia kipande kifupi cha sauti kikijirudia bila kukoma, au mashine ikasimama kabisa.

Kwa nini vifaa viwili visishirikiane mlango? Kwenye nafasi za kadi za aina ya ISA, kifaa kilibisha kwa mpigo mmoja tu. Wawili wakibisha kwa pamoja, aliye ndani husikia hodi moja, anamhudumia mmoja, na mwingine anabaki nje. Nafasi za PCI, zilizoletwa na Intel mwaka 1992, zilibadilisha adabu hiyo: kifaa hubisha mfululizo mpaka kijibiwe, na mfumo endeshi huviuliza viendeshi kimoja baada ya kingine kama kifaa chake ndicho kilichobisha. Sasa mlango mmoja unaweza kutumiwa na vifaa kadhaa. Lakini tazama ugomvi ulikohamia. Kiendeshi kimoja kilichoandikwa ovyo, kikidai hodi isiyo yake au kikinyamazia iliyo yake, kinatosha kuikwamisha mashine nzima. Tatizo lililokuwa la nyaya likawa la programu.

Windows 95 ilikuja na ahadi ya chomeka utumie, yaani mfumo ugawe namba wenyewe bila mtu kushika jampa. Watumiaji wengi, baada ya kuonja, waliigeuza kwa utani kuwa chomeka usali. Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX jijini Chicago, skana ilichomekwa kwenye Windows 98 mbele ya Bill Gates na umati wa watu, na skrini ikawa bluu pale pale. Uwanja mzima ulicheka.

Naeleza yote haya kwa sababu neno mgongano linaendelea kutumika kwa kila kasoro ya viendeshi, na humpoteza mtu. Mgongano ni pale wawili wanapogombania kitu kimoja. Kwenye kompyuta ya nyumbani yenye umri wa miaka kumi na kuendelea, mara nyingi hakuna wanaogombana: kuna kiendeshi cha enzi moja na mfumo endeshi wa enzi nyingine, navyo havipatani. Kiendeshi cha biti 32 hakiingii kwenye Windows ya biti 64. Kisicho na saini ya kidijitali hukataliwa na Windows za biti 64 tangu Vista. Ningependa tuite hali hii kutopatana, na mgongano tuuachie maana yake. Kuhusu neno kiendeshi, msimamo wangu ni kwamba libaki kwa programu peke yake. Diski iitwe diski, flashi iitwe flashi, kama watu wanavyoziita tayari bila kuombwa.

Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye mashine. Fungua dirisha la Device Manager na utafute kifaa chenye alama ya mshangao ya manjano. Kibonyeze mara mbili usome namba ya kosa. Namba 12 inasema kifaa hakikupata rasilimali za kutosha zilizo huru. Huo ndio mgongano, na dawa yake ni kuzima kifaa usichokihitaji au kuhamishia kadi kwenye nafasi nyingine. Namba 28 inasema hakuna kiendeshi kilichosakinishwa. Namba 39 inasema kipo lakini kimeharibika au faili lake limepotea. Namba 10 inasema kifaa kimeshindwa kuanza, na hiyo ndiyo inayochosha, kwa sababu chanzo chake kinaweza kuwa chochote.

Ikiwa kifaa hakijulikani hata jina, usitafute kwa kubahatisha, na zikimbie zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia viendeshi vyote kwa mpigo; nyingine huleta balaa kubwa kuliko ugonjwa. Kwenye sifa za kifaa kuna maandishi kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji, na 10EC ni Realtek. Ya pili ni chipu yenyewe, hapa kadi ya mtandao ya waya. Intel walijichukulia 8086, namba ya kichakataji chao cha mwaka 1978. Majivuno madogo yaliyojificha ndani ya kompyuta nyingi duniani. Chukua namba hizo mbili uzitafutie kwenye kompyuta nyingine, maana inayougua ikikosa kiendeshi cha mtandao haiwezi kujitafutia dawa, kisha ulete faili kwa flashi.

Kabla ya kununua kadi mpya, washa mashine kwa Linux iliyowekwa kwenye flashi, bila kusakinisha chochote. Linux hubeba viendeshi vingi ndani ya kiini chake, hata vya vifaa vilivyosahaulika na waliovitengeneza. Sauti ikitoka huko, kadi ni nzima na kosa liko kwenye Windows. Isipotoka bado hujathibitisha kifo, ila sasa una sababu ya kufungua kasha. Na kama Windows ilianza kuanguka mara baada ya kuwekewa kiendeshi kipya, iwashe kwa hali salama, inayopakia viendeshi vya lazima tu, ukakiondoe humo au ukarudishe toleo lililotangulia.

Kuna ugonjwa mmoja wa mashine kongwe ambao hufanana kabisa na diski iliyokufa. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama inapoisha, tarehe hurudi nyuma miaka na mipangilio ya BIOS, programu inayoamka kabla ya Windows, inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani, pamoja na ule unaochagua AHCI au utaratibu wa zamani wa IDE kwa ajili ya diski. XP iliyosakinishwa kwa IDE ikikutana na AHCI hutoa skrini ya bluu yenye 0x0000007B kabla hata nembo yake haijatulia. Diski haina neno, na mafaili yote yamo. Badilisha betri, ingia BIOS kabla Windows haijaanza kupakiwa, panga tarehe, rudisha IDE, hifadhi, kisha uwashe upya.