Dawa, Sumu na Chungu Kitupu: Historia ya Upishi wa Dawa katika Mchezo wa Minecraft

Mhakiki wa fasihi anayeukabili mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft hushawishika kuanzia mwishoni. Huko ndiko kuliko na shairi: mchezaji akishamuua joka, huonyeshwa utungo mrefu wa Julian Gough, mwandishi wa Ireland, ulioingizwa katika toleo kamili la mchezo lililotolewa tarehe 18 Novemba 2011. Kwa kuwa utungo huo una sauti mbili zinazojibizana na una mtunzi anayejulikana kwa jina, ni rahisi kuuita fasihi na kuyaacha mengine yote kwa mafundi wa mitambo. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Toleo lilo hilo la 2011 ndilo lililoleta upishi wa dawa, na inadaiwa hapa kuwa ni katika upishi huo, wala si katika shairi, ambamo mchezo huu unakutana kwa dhati na usimulizi wa jadi.

Mwanzilishi wa mchezo, Markus Persson wa Uswidi, aliutoa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Ulikuwa ulimwengu wa matofali usio na hadithi: mchezaji huchimba, hujenga, na usiku hujificha asiuawe. Dawa zilipoingia, hazikuzuka patupu. Katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974, dawa ilikuwa hazina ya kuokotwa, na hali ilikuwa hiyo hiyo katika Rogue, mchezo wa kompyuta uliotokea takriban mwaka 1980. Katika Rogue dawa ilitambulikana kwa rangi tu, na maana ya rangi ilibadilika kila mchezo ulipoanza upya, hata mchezaji akalazimika kunywa ndipo ajue kama amepona au amejidhuru. Huo ulikuwa ufundi wa bahati nasibu. Minecraft uliuacha na kushika njia nyingine kabisa: dawa haiokotwi, hupikwa, na anayeipika ajue anachokipika.

Tofauti hii si ndogo kwa mwanafunzi wa ngano. Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa mwaka 1928 wa ngano za Kirusi, alionyesha kuwa shujaa hupewa kifaa cha ajabu na mhusika maalumu baada ya kujaribiwa. Bikizee anayemtunuku shujaa katika ngano nyingi za Afrika Mashariki anaingia barabara katika nafasi hiyo. Katika Minecraft mpaji huyo hayupo. Nafasi yake imechukuliwa na safari, na safari yenyewe ni ya kuzimu.

Ili kuunda jiko la dawa, mchezaji anahitaji mawe matatu na fimbo moja ya kiumbe wa moto aitwaye blaze. Kiumbe huyo hapatikani juu ya nchi. Hukaa katika ngome za Nether, ulimwengu wa chini ulioongezwa katika mchezo mwaka 2010, ambako ziwa si la maji bali la mawe yaliyoyeyuka. Humo ngomeni ndimo unamoota pia mmea mwekundu uitwao nether wart, ambao ndio msingi wa dawa karibu zote. Aidha, tangu toleo la mwaka 2016, jiko haliwaki pasipo unga wa blaze. Kwa upande mwingine, maji yakimwagwa Nether hugeuka mvuke papo hapo, kwa hivyo maji ya kupikia hayana budi kutoka juu. Karibu kila dawa, basi, huunganisha nchi mbili katika chupa moja: maji ya walio hai na mmea wa kuzimu. Muundo huu haukutamkwa popote katika mchezo. Hautamkwi kwa sababu hutendwa, na mchezaji huupitia kwa miguu yake kabla ya kuufahamu kwa akili.

Upishi wenyewe una sarufi yake. Chupa tatu za maji huwekwa jikoni pamoja na nether wart, na baada ya sekunde 20 hutoka maji mazito yasiyo na kazi. Ni shina tupu la neno linalongoja viambishi. Sukari ikiongezwa, shina hilo huwa dawa ya wepesi. Karoti ya dhahabu huzaa dawa ya kuona gizani. Chozi la ghast, kiumbe mweupe arukaye Nether akitema moto, hurejesha uhai kidogo kidogo. Viungo vingine havileti maana mpya bali huigeuza ile iliyopo, kama vinavyofanya viambishi vya unyambuaji. Unga wa redstone hurefusha muda, kwa mfano kinga ya moto kutoka dakika 3 hadi 8. Unga wa glowstone huongeza nguvu na kupunguza muda. Viwili hivi haviwezi kukaa pamoja katika chupa moja: mpishi hana budi kuchagua kati ya maisha marefu na nguvu. Baruti, nayo, humwezesha kuirusha chupa badala ya kuinywa, na hapo dawa inakuwa silaha.

Lakini kiungo kinachostahili uhakiki wa kina kuliko vyote ni jicho la buibui lililochachushwa kwa sukari na uyoga. Hili halitii maana, huipindua. Dawa ya uponyaji ikitiwa jicho hili huwa dawa ya kudhuru. Wepesi hugeuka uzito. Dawa ya kuona gizani humfanya mnywaji asionekane, ugeuzi wenye ucheshi wake wa kifalsafa, kwani mwenye kuona anageuzwa kuwa asiyeonwa. Tena, wafu wanaotembea, yaani zombi na viunzi vya mifupa, huumizwa na dawa ya uponyaji na kuponywa na ile ya kudhuru. Ubora au ubaya haumo chupani basi. Umo katika uhusiano baina ya chupa na mwili unaoipokea.

Jacques Derrida, katika makala yake ya mwaka 1968 kuhusu duka la dawa la Plato, alijenga hoja nzima juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya dawa na sumu kwa wakati mmoja. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kusafiri hadi Athens ili kulielewa jambo hili. Dawa ya kikohozi ni dawa, dawa ya panya ni dawa, na dawa ya mganga yaweza kumkinga mtu au kumroga jirani yake. Lugha imekwisha kukataa mgawanyo ambao jicho la buibui linaukataa. (Kwamba katika mchezo huu ndoo ya maziwa huondoa athari zote, njema na mbaya, halitamshangaza msomaji aliyewahi kusikia maziwa yakisifiwa kuwa kiboko ya sumu, hata kama madaktari hawaafiki.)

Mwaka 2012, chini ya uongozi wa Jens Bergensten aliyempokea Persson mwezi Desemba 2011, mchezo ulipata mchawi. Ni mwanamke wa kinamasi mwenye kofia ndefu, anayerusha chupa za sumu na kunywa za uponyaji. Kibandani mwake mna chungu cha chuma, dada wa kile cha wachawi wa Makbeth. Katika toleo la kompyuta linaloitwa Java chungu hicho ni kitupu, wala hakuna jiko la dawa kibandani. Chungu kwa mpishi wa dawa ni mtungi wa kuchotea maji, basi. Kazi yake imetwaliwa na kifaa chenye chupa tatu na bomba, mjukuu wa vyombo vya wanakimiya ambao hata jina la elimu yao lilifika Ulaya kutoka Kiarabu. Uchawi umebaki kama vazi la mhusika. Maarifa yamehamia maabara. Toleo hilo hilo lilileta pia tiba ya zombi: mwanakijiji aliyegeuzwa zombi hurudishiwa utu wake kwa kurushiwa dawa ya udhaifu, kisha kulishwa tofaa la dhahabu. Na dawa hiyo ya udhaifu ndiyo pekee inayopikwa kwa maji matupu na jicho la buibui, pasipo mmea wa kuzimu. Tiba yenye utu kuliko zote imejengwa juu ya kiungo cha upotoshaji.

Swali la jinsi maarifa haya yanavyohifadhiwa lina uzito wake. Mwaka 2011 mchezo haukumfundisha mchezaji upishi hata kidogo. Mapishi yalipokezanwa nje ya mchezo, mdomo kwa mdomo, na katika kurasa zilizoandikwa na kusahihishwa na wachezaji wenyewe. Mwaka 2017 kitabu cha mapishi kiliongezwa ndani ya toleo la Java, kikamwonyesha mchezaji namna ya kuunda shoka, mlango au kitanda. Upishi wa dawa haukutiwa humo. Iwe ni kwa makusudi au kwa kupitiwa, matokeo ni yale yale: katika ulimwengu ambamo karibu kila kitu kina maandishi, dawa zilibaki mikononi mwa fasihi simulizi, pamoja na wajuzi wake, wanagenzi wake, na wale wanaokosea kiungo.

Toleo la mwezi Juni 2024 liliongeza dawa nne zinazoutatiza uhakiki zaidi. Moja humfanya aliyeinywa, akifa, aache nyuma yake viumbe vya ute. Nyingine humwacha afe katikati ya utando wa buibui. Ya tatu hutoa mlipuko wa upepo mahali alipoangukia. Na ya nne huzaa wadudu kutoka mwilini mwake anapojeruhiwa. Kwa sehemu kubwa hazimfai mnywaji akiwa mzima.