KIFUA CHA MAMA: HISTORIA FUPI YA KUMTUNZA MTOTO NJITI

Katika kijitabu hiki wenzangu wameshaeleza habari za hisa na mikopo kwa miaka yetu kumi. Mimi nitasimulia habari za uzazi, na hasa za mtoto njiti, yaani yule anayezaliwa kabla ya siku zake kutimia.

Adui mkubwa wa njiti ni baridi. Chini ya ngozi yake hakuna mafuta ya kutosha, kwa hiyo joto humtoka upesi. Mjini Paris, Ufaransa, daktari Stéphane Tarnier aliona mashine za kuangulia vifaranga, akaomba atengenezewe za namna hiyo kwa ajili ya watoto wachanga. Ndivyo inkubeta zilivyoingia katika hospitali yake ya wazazi.

Lakini mashine hizo zilikuwa ghali. Huko Marekani, Martin Couney aliwaweka njiti ndani ya inkubeta kwenye viwanja vya burudani vya Coney Island, New York, kuanzia 1903 hadi 1943. Watu walilipa kiingilio kuja kuwatazama! Fedha hizo ndizo zilizowatunza watoto, na wazazi hawakutozwa kitu.

Sasa twende Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978. Katika hospitali ya wazazi ya huko inkubeta hazikutosha. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja, wakaambukizana maradhi. Daktari Edgar Rey Sanabria akawaambia akina mama wawabebe watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, wima katikati ya maziwa, na kuwanyonyesha. Mwaka uliofuata daktari Héctor Martínez akaungana naye. Njia hiyo ikaitwa matunzo ya kangaroo, kwa jina la yule mnyama wa Australia anayembeba mwanawe mfukoni.

Wapo walioidharau wakisema ni njia ya maskini wasio na mashine. Jamani, muda umewajibu! Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Ulihusu watoto wa uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Katika kila watoto 100 waliosubiri kwanza hali zao zitulie, walifariki kama 16. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki 12. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njiti aanze kubebwa mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Hapo ndipo penye kazi, wenzangu. Kifua hakinunuliwi, lakini saa hizo zina gharama. Nani atauza maandazi? Nani atachota maji? Nani atapeleka marejesho ya mkopo?

Nayasema haya kwa kuwa yamenikuta. Mwanangu wa mwisho alizaliwa njiti. Nilikuwa na mkopo wa kikundi, na siku ya tano nikiwa wodini nilishaanza kuwaza kumwacha mtoto nikafungue genge langu. Wanachama wawili walikuja wakaniambia, "Dada, wewe kaa na mtoto, genge tutauza sisi." Wakauza kwa zamu wiki tatu. Leo mtoto huyo anakimbia. Hata hivyo, nilipotoka nilikuta faini ya kuchelewesha marejesho, nami nikailipa. Simlaumu mtu, maana ndivyo katiba yetu inavyosema.

Basi nawaombeni, katika mkutano mkuu ujao tuliongeze jambo hili katika katiba: mama wa njiti asitozwe faini, marejesho yake yasogezwe mbele, na mfuko wa jamii umsaidie chakula na nauli. Wale wawili walinisaidia kwa moyo wao tu. Mwingine anaweza akakosa watu kama hao.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sisi karibu sote hapa ni wazazi. Nawatakieni sikukuu njema ya miaka kumi.